Pazia la Shahidi wa Saba

Msimamizi wa jengo la mahakama aliingia dukani na haraka zake, akasimama katikati ya vipande vya kitambaa, akauliza ni nani hapo anayeshona mapazia.

"Sote," alijibu mwanamke aliyekuwa kwenye cherehani ya karibu na dirisha. "Lakini anayeshona yanayofunga vizuri ni mimi. Karibu kaka, kaa. Siyo hicho kiti, kina sindano."

Nilikuwa kwenye benchi nikisubiri zipu ya begi langu. Safari huua zipu kabla ya kuua viatu, na katika kila mji ninaofika fundi cherehani ndiye mtu wa kwanza ninayemtafuta. Huyu watu walimwita Mama Kipa. Mwenzake wa dukani, mama mtu mzima ambaye kazi yake ilikuwa kushona vifungo na kusema bila kupumzika, walimwita Bibi Vifungo.

Msimamizi alieleza anachotaka. Pazia zito, la rangi tulivu, lisilopitisha hata kivuli. Ni la ukumbi wa kesi ya yule mtu aliyekamatwa nje ya nchi. Kuna shahidi ambaye hatakiwi kuonekana, hivyo atakaa nyuma ya pazia. Majaji na mawakili watamwona, ila mshtakiwa na watu wa ukumbini hawatamwona.

"Na huyo shahidi ni nani?" Bibi Vifungo aliuliza, macho yamemtoka.

"Bibi, hata mimi sijui. Hiyo ni siri ya wakubwa. Sisi tumeambiwa Shahidi wa Saba, basi."

"Maskini," alisema Mama Kipa, akivuta futi shingoni. "Atapata joto huko nyuma. Nitachagua kitambaa kinachopitisha hewa."

"Fanya hivyo dada, Mungu akubariki. Na tafadhali, usimwambie mtu."

"Nimwambie nani tena?"

Alipotoka, Bibi Vifungo alicheka mpaka kopo la vifungo likamponyoka mikononi na kumwagika sakafuni. Mama Kipa naye aliinamisha kichwa juu ya cherehani, mabega yakimtikisika. Sikuelewa kitu. Niliokota vifungo kama mtu mwenye adabu, nikaenda zangu na begi langu. Ni baadaye, kesi ilipokwisha, ndipo Mama Kipa aliponieleza. Shahidi wa Saba alikuwa yeye. Ofisi iliyotunza jina lake ilifunga mdomo kwelikweli, hata ofisi inayonunua viti na mapazia haikuwa na habari. Siri nyingi nilizowahi kuona zikiharibika ziliharibiwa na midomo iliyo wazi mno. Hii ndiyo pekee iliyoharibiwa na midomo iliyofungwa mno.

Jina la Mama Kipa lilitoka kwa mumewe, aliyekuwa kipa wa timu ya mji. Na timu ile ilikuwa na kocha mmoja tu, mtu mfupi mwenye sauti nene, ambaye kila mtu alimwita Kocha, mama yake mzazi akiwemo. Kocha hakupiga hodi nyumbani kwa wachezaji. Alisimama njiani na kupiga filimbi, na aliyeitwa alitoka hata kama mkono ulikuwa bado kwenye sahani. Kabla ya mechi aliwapanga vijana wake kwa magoti, wakapiga ardhi kwa viganja vyote viwili, kisha filimbi moja, wote wima. Watoto wa mtaa mzima waliiga.

Mauaji yalipoanza, wengine walihitaji kutafuta vijana na kuwafundisha kutii. Kocha alikuwa nao tayari. Aliwagawa kwenye njia panda kama anavyogawa namba uwanjani, huyu kushoto, huyu kulia, hawa nyuma. Yeye mwenyewe alisimama kwenye kizuizi cha mbele ya uwanja. Hapo ndipo Mama Kipa na mumewe walipofika, yeye akiwa mjamzito, wakiwa ndani ya msururu wa watu waliokuwa wakisukumwa upande mmoja, wale ambao redio ilikuwa imesema wasibaki.

"Kocha alimwona mume wangu," alinieleza. "Akamwita kwa jina la uwanjani. Akasema, wewe, toka kwenye mstari. Mume wangu akanibana mkono, kama kusema tumepona, mwenyewe kaniona. Akatoka mbio kama anaitwa mazoezini. Kocha akawaambia vijana waanze na huyo, ili wajue kwamba hakuna rafiki."

Yeye aliokolewa na mchezaji mmoja aliyejifanya hamwoni wakati akitambaa kuingia mtaroni. Hakumjua ni yupi. Mvua ilikuwa kubwa.

Vita ilipogeuka, Kocha aliingia mitini. Vijana wake walikamatwa, wakahukumiwa, wakafungwa, na baada ya muda wakaanza kutoka. Leo wanaishi mjini pale pale, wengine wana maduka, wengine wanafuga. Unakutana nao kwenye foleni ya maji. Lakini aliyepiga filimbi hakuonekana. Wengi walisema amekufa. Mama Kipa hakukubali hata siku moja.

"Mtu yule hawezi kufa kimyakimya," alisema. "Anapenda kutazamwa."

Binti alizaliwa, akakua, akasomea uuguzi. Kisha siku moja mchuuzi wa vitambaa, mama wa mji huo huo anayevuka mipaka na marobota yake, aliketi dukani, akavua viatu, akasimulia jambo la ajabu aliloliona nchi ya mbali. Kuna mzee muuza mbegu anayefundisha watoto mpira. Kabla ya mechi anawapigisha magoti, wanapiga ardhi kwa viganja, filimbi moja, wima.

Bibi Vifungo aliacha kusema. Wanaomjua wanasema jambo hilo halikuwahi kutokea.

Mama Kipa alimwambia binti yake kwamba anaenda kununua nyuzi. Alisafiri kwa mabasi, akalala kwenye vituo, akafika kwenye ule mji na kukaa pembeni ya uwanja wa vumbi pamoja na akina mama wengine waliokuja kutazama wana wao. Yule mzee alikuja akitembea kwenye mstari, nywele zimekuwa nyeupe, filimbi shingoni. Alipomfikia alisimama.

"Mama, sogeza kikapu. Kimeingia uwanjani."

Akasogeza.

"Hilo ndilo lililoniuma," aliniambia. "Sikusema neno. Mkono wangu ulimtii hata kabla sijauuliza."

Polisi wa mji ule walimwambia apumzike, amechoka na safari. Nyumbani, ofisi ya mashtaka ilimwambia kwamba watoto kupiga magoti si ushahidi. Aliitikia vizuri, akaondoka, akarudi na mfuko wa kazi. Alikaa kwenye korido yao akishona matundu ya vifungo vya mashati ya shule. Wakimfukuza, anasogea mlango wa pili. Mpelelezi mmoja, mwanamume mwenye haya, alichoka kuruka nyuzi zake kila anapoenda kunywa chai, akakubali kumsikiliza. Yeye ndiye aliyetafuta picha, akaandika kwa wenzake wa nchi ile, akaambiwa hapana, akaandika tena. Muuza mbegu alikamatwa akiwa anapaka chokaa kwenye mistari ya uwanja. Tangu siku hiyo hadi mwisho alishikilia neno moja, kwamba yeye siye Kocha. Anafanana naye tu.

Basi shauri zima likawa limesimama juu ya watu wachache waliomjua kwa karibu na walio tayari kusema. Ndipo mtumishi wa kitengo cha ulinzi wa mashahidi alipokwenda nyumbani kwa Mama Kipa. Alikuwa mwanamke wa sauti ya upole, mwenye nia njema kabisa. Familia ilikuwepo yote, maana ilikuwa ndogo. Binti alikuwa amerudi kutoka zahanati na sare yake, na shemeji, mdogo wa marehemu mumewe, fundi rangi, alikaa mlangoni kwa sababu ya harufu ya rangi mwilini.

Alieleza. Shahidi atapewa namba badala ya jina. Atakaa nyuma ya pazia. Sauti yake itapitishwa kwenye mashine. Na kesi ikiisha atahamishiwa mji mwingine, nyumba ipo, duka lipo.

"Cherehani je?" Mama Kipa aliuliza.

"Mpya."

"Ya umeme?"

"Ya umeme, mama."

"Dada, mmenichunguza. Mmejua udhaifu wangu."

Walicheka. Kisha mtumishi akaongeza kwamba atapewa pia jina jipya, na atalichagua mwenyewe.

Kicheko kilimkauka Mama Kipa. "Yeye naye alichagua mwenyewe," alisema. "Akahama, akabadili jina, akafungua duka. Sasa na mimi nifanye alichofanya yeye? Mimi nimemuua nani?"

"Shemeji, tulia," alisema fundi rangi. "Hakuna anayekulinganisha naye. Wanataka uishi."

"Naishi."

"Unaishi na watu wake. Wako huko nje. Juzi nilipaka rangi duka la mmoja wao."

"Na rangi ilishika?"

"Ilishika."

"Basi ulifanya kosa, shemeji. Ungeichanganya na maji."

Binti hakucheka. Alikuwa amesimama dirishani, amewapa kisogo. "Baba simjui," alisema. "Nimeambiwa alikuwa mrefu, nimeambiwa alikuwa anaimba vibaya. Ninayemjua ni wewe. Sasa unataka na wewe nije nisimuliwe?"

Mama Kipa alimwahidi binti yake kwamba atakaa nyuma ya pazia, na baadaye watahama. Ndivyo ilivyokuwa siku msimamizi alipoingia dukani na agizo lake. Pazia alilishona kwa uaminifu. Lilikuwa la buluu iliyoiva, pindo zake zimenyooka, na halikupitisha kivuli.

Wiki ya ushahidi ilipokaribia, alifika dukani asubuhi akakuta mlango umefunguliwa bila kuvunjwa. Hakikuibwa kitu. Juu ya cherehani yake iliwekwa filimbi.

Bibi Vifungo alipoingia na kuiona, aliifuta kwa upindo wa nguo yake, akaitia mdomoni na kuipuliza mpaka majirani wakatoka. "Nzuri," alisema. "Nitawaita nayo wateja wanaosahau nguo zao."

Mama Kipa alitaka kumficha binti yake jambo hilo. Haikuwezekana, kwa kuwa Bibi Vifungo alikuwa amekwenda zahanati mwenyewe kumwambia, akipitia kwa kila aliyemjua njiani. Binti alifika mchana, akaketi kwenye benchi, akaishika ile filimbi kiganjani.

"Wanajua," alisema.

"Wanajua, mwanangu."

"Tangu lini?"

"Mji huu? Pengine kabla sijajua mimi."

Binti alitazama pazia lililokunjwa mezani, tayari kuchukuliwa. "Sasa hili linamficha nani? Wanaotaka kukudhuru wanakujua. Wasiokujua ni wale tu ambao wangekaa upande wako." Akasimama. "Mama, nilikuomba ahadi. Nakurudishia."

"Umefikiri vizuri? Ukisema hivyo ukiwa na hasira, kesho utajuta."

"Nina hasira. Na nimefikiri. Ila nitakaa mbele kabisa, na usithubutu kunitazama, utalia."

Siku ya ushahidi ukumbi ulijaa. Nilipata nafasi karibu na ukuta. Nimekaa katika mahakama za nchi kadhaa, na zote hunuka karatasi na jasho la watu waliovaa nguo nzuri. Mshtakiwa alikuwa mzee nadhifu ndani ya sweta, akitabasamu kidogo, kama mtu aliyesindikiza jamaa kwenye kesi isiyomhusu. Shahidi wa Saba alikuwa ameingizwa kabla yetu. Tuliona pazia tu, la buluu, limeanguka vizuri mpaka chini.

Sauti ilitoka kwenye mashine kama ya mtu anayeongea ndani ya pipa.

"Mheshimiwa Jaji, naomba pazia liondolewe. Na hii mashine izimwe, inanichekesha mwenyewe."

Jaji kiongozi, mwanamke mwenye miwani mizito, alimweleza taratibu kwamba ulinzi huo ni haki yake, na kwamba akionekana leo hakuna atakayeweza kumfanya asionekane kesho. Je, kuna aliyemlazimisha?

"Hakuna. Nimelazimishwa mambo mengi, hili silo."

Wakili wa utetezi alisimama kulalamika kwamba shahidi anataka kufanya mahakama kuwa jukwaa. Jaji alimsikiliza, akamshukuru, akaagiza pazia lifunguliwe. Msimamizi wa jengo alikwenda mbele, akalivuta, akabaki mdomo wazi.

"Dada wa pazia!" Maneno yalimtoka.

Ukumbi ulivunjika mbavu. Jaji aligonga meza. Mama Kipa alikuwa amevaa gauni la njano linaloonekana toka mbali, kichwa wazi, mikono juu ya meza.

Hapo ndipo mshtakiwa alipolichukua faili la wakili wake na kulinyanyua mbele ya uso.

"Shahidi," aliuliza mwendesha mashtaka, "unamwona hapa mtu unayemjua kama Kocha?"

"Naona faili."

Jaji alimwamuru mshtakiwa alishushe. Alishusha, akalipandisha tena. Wakili wake alieleza kwamba mteja wake ana macho mabovu, mwanga unamuumiza, na anaomba asikilize akiwa chumba cha pembeni.

Mama Kipa aligeuka kwa jaji. "Mheshimiwa, kama anataka pazia, apewe hili. Halina tundu. Nimelishona mwenyewe."

Safari hii hata karani aliinama chini ya meza. Jaji alikataa ombi, na faili likachukuliwa. Uso ukawa wazi, na macho ya yule mzee yakawa yanatafuta pa kwenda. Mama Kipa alinyoosha mkono. "Ni yule. Kocha. Amezeeka kama sisi sote."

Alisimulia kizuizi, mvua, msururu, jina la uwanjani. Hakupandisha sauti. Alilitaja jina kamili la mumewe, kisha lake mwenyewe, na karani akaandika yote mawili.

Wakili wa utetezi alikuwa kijana msomi asiye na papara. "Mama, kulikuwa na mvua, umati, hofu. Unawezaje kuwa na uhakika?"

"Nilimpikia chai miaka yote mume wangu alipocheza. Nilifua jezi za timu nzima, zake pia. Wewe mtu ukimfulia nguo muda wote huo, mvua inakusahaulisha?"

"Kwa hiyo mlikuwa na mazoea. Na sasa una chuki naye."

"Ndiyo."

Nadhani wakili alitegemea akane. "Unakubali kwamba unamchukia?"

"Namchukia. Na nasema kweli. Vyote viwili vinakaa ndani ya mtu mmoja bila kugombana."

"Huko alikoishi, wazazi wamekuja kueleza jinsi alivyowalea watoto wao."

"Hata hapa alilea watoto wetu. Ndio aliowapa mapanga."

Wakili aliketi. Mama Kipa alibaki kwenye kiti mpaka jaji aliposema anaweza kushuka. Alipita mbele ya mshtakiwa bila kuharakisha, na katika safu ya mbele muuguzi mmoja mwenye sare alikuwa akijipangusa uso kwa mikono miwili.

Kesho yake alikuja Shahidi wa Nane, nyuma ya pazia, na sauti ya pipa. Watu walianza kunong'ona kwamba huyu ni mwoga. Mama Kipa, aliyekuwa ukumbini sasa kama sisi wengine, aligeuka. "Nani kasema mwoga? Amekuja. Wewe ulikuja kusema nini? Lile pazia nililishona vizuri kwa ajili yake."

Hukumu ilikuwa kifungo cha maisha. Kocha hakukiri hata siku hiyo. Alipelekwa gerezani akisema anatumikia adhabu ya mtu anayefanana naye. Nilimuuliza Mama Kipa kama hilo linamuudhi.

"Ajiite anavyotaka," alisema. "Mlango wa gereza haumuulizi."

Nilimuuliza pia kama anaogopa. Alikata uzi kwa meno kwanza. "Sana. Usiku nasikia kila kitu. Lakini nilikuwa naogopa hata nilipokuwa kimya, sasa faida ya kunyamaza ilikuwa nini?"

Yule mtumishi wa ulinzi alirudi kumwambia kwamba nyumba ile ya mji mwingine bado ipo, akibadili mawazo. Mama Kipa alimshukuru kwa dhati, akamwuliza kama cherehani inaweza kuja yenyewe. Haikuweza. Walipokea ulinzi wa askari wa doria anayepita jioni, ambaye Bibi Vifungo tayari alikuwa amempunguzia suruali.

Siku niliyokwenda kuaga, shemeji alikuwa nje ya duka juu ya ngazi, na makopo yake ya rangi chini. Alikuwa anaandika juu ya mlango, kwa herufi nyekundu, jina la mwenye duka. Lake, la baba yake, na la mumewe. Binti alishikilia ngazi. Mama Kipa alisimama katikati ya barabara, mikono kiunoni, akiwazuia wapita njia.

"Kubwa zaidi," alisema.

"Shemeji, nimeshaandika nusu."

"Futa. Nataka mtu aliye kule kwenye kona asome bila kukunja uso."

"Mlango utaisha!"

"Ukiisha," alisema Mama Kipa, "endelea ukutani."